Sura ya Sita: Baridi Inayokausha

Septemba ikifika, Somanda huonekana kama mahali palipokwisha. Mabua ya mtama yameliwa na ng'ombe, udongo mweusi wa mbugani umepasuka kiasi cha kumeza kwato ya ndama, na vumbi limetua juu ya kila kitu mjini Bariadi, kuanzia mabati mpaka majani ya miembe. Mgeni aliyezoea migomba ya Bukoba akipita wakati huo ataapa kwamba ardhi hii imekufa. Kisha mvua za kwanza zinashuka, na ndani ya siku chache savana inatoa maua hata kabla ya majani. Kwenye vivuli vya vichuguu huchomoza mpira mwekundu wa skadoksi. Baadaye kidogo gloriosa hupanda vichakani, petali zake za rangi ya moto zikiwa zimekunjwa nyuma. Hakuna aliyeyapanda maua hayo. Yalikuwa humo humo chini, yamelala katika tunguu na viazi vyao, yakisubiri.

Sura iliyopita ilihusu mimea ya msimu mmoja, ile inayoacha mbegu na kuondoka. Hii ni ya mimea inayobaki. Nitaieleza kwa kupitia jambo ambalo Bariadi hailijui kabisa, yaani majira ya baridi ya nchi za kaskazini, na ua moja la bustani za huko lililo maarufu kwa kuyavumilia: kampanula, ua la kengele. Naamini mkulima wa Simiyu ana njia fupi ya kulielewa ua hili kuliko mtu wa Dar es Salaam, kwa sababu adui wa kampanula wakati wa theluji ni yule yule anayeikabili gloriosa ya Somanda mwezi wa Septemba.

Kampanula ni jenasi yenye spishi zaidi ya 400, nyingi zikiwa za Ulaya na Asia ya magharibi. Ipo inayoitwa Campanula carpatica, iliyotoka katika milima ya Karpati, fupi, yenye vikombe vya buluu vilivyoelekea juu. Ipo Campanula persicifolia, ndefu, yenye majani membamba na kengele zilizopangana kwenye ubua mmoja. Hizi ni mimea ya kudumu. Mmea uliopandwa leo unaweza kurudi mwaka ujao na mwaka unaofuata, ingawa kati ya msimu na msimu sehemu yake ya juu hukauka yote na mwenye bustani hubaki akitazama udongo mtupu.

Wamarekani wana ramani ya kupimia uvumilivu wa namna hii. Wizara yao ya Kilimo iliitoa mara ya kwanza mwaka 1960, na toleo la karibuni ni la 2023. Nchi imegawanywa katika kanda kwa kutazama wastani wa usiku wa baridi kuliko wote katika kila mwaka. Kanda ya 3 huanzia nyuzi 40 chini ya sifuri, kiwango ambacho Selsiasi na Farenhaiti hukutana na kusoma namba moja. Kampanula hizo mbili nilizozitaja huhesabiwa kuwa zinaweza kuishi hata katika kanda hiyo. Familia za Kitanzania na Kikenya zilizohamia Minnesota hukutana na namba hizi kwenye vibandiko vya vyungu pale wanapokwenda kununua miche, na wengi huzichukulia kama alama za mtihani: mmea wa kanda ya 3 una nguvu, wa kanda ya 9 ni dhaifu. Naipinga tafsiri hiyo. Namba ile inajibu swali moja tu, nalo ni la usiku mmoja ulio mbaya kuliko mwingine wote. Haisemi lolote kuhusu ukame, wala joto, wala maji yaliyotuama. Kama ramani hiyo ingevutwa hadi Bariadi, ingetupa moja ya kanda za juu kabisa, mahali ambapo eti mmea hauna cha kuogopa, na Septemba yetu isingeonekana popote.

Sasa tuingie ndani ya mmea wenyewe. Watu wengi hudhani baridi huua kwa sababu maji ndani ya seli hugeuka barafu na kuzipasua. Hilo likitokea, kweli seli hufa. Lakini katika mmea uliojiandaa mambo huenda kwa utaratibu mwingine. Barafu huanzia nje ya seli, katika nafasi ndogo zilizo kati ya seli na seli, kwa sababu maji ya hapo yana chumvi na sukari kidogo na huganda upesi. Barafu hiyo ikishajijenga, huanza kuvuta maji kutoka ndani ya seli. Maji hupita kwenye utando, hutoka nje, hujiunga na barafu, nayo seli husinyaa. Haijaganda bado, lakini inakaushwa.

Nguvu ya mvuto huo inapimika. Wataalamu wa udongo wana kiwango wanachokitumia kama mpaka wa kunyauka: udongo ukikauka kufikia hapo, mazao mengi hayawezi tena kunyonya maji hata yakiwamo. Barafu yenye nyuzi moja tu chini ya sifuri huyavuta maji ya seli kwa nguvu inayokaribia kiwango hicho. Ikishuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, mvuto unakuwa takriban mara nane ya ule wa udongo uliokwisha kuyashinda mahindi. Kwa hiyo kampanula iliyolala chini ya ardhi iliyoganda huko Minnesota iko katika ukame mkali kuliko wowote uliowahi kupita Meatu au Maswa, ingawa imezungukwa na maji pande zote. Hayanyweki.

Ndiyo maana maandalizi yake yanafanana mno na ya mmea wa ukame. Siku zinapofupika na usiku kuanza kuwa baridi, kampanula hubadilisha wanga iliyohifadhi kuwa sukari. Sukari hushikilia sehemu ya maji yasitoke, na ndani ya seli iliyosinyaa huzuia protini na tando kugandamana na kuharibika. Mafuta yaliyomo kwenye tando nayo hubadilishwa yawe mepesi, ili utando ubaki laini katika baridi. Na mmea hutengeneza kundi la protini ziitwazo dihidrini, ambazo kazi yake ni kulinda seli inayopungukiwa maji. Protini za kundi hilo hilo huonekana katika mimea inayokumbwa na ukame, na pia katika mbegu zinazokauka baada ya kukomaa. Mama wa Kisukuma anayekata viazi vitamu, akavianika viwe michembe, anajua kwamba kitu kilichopungua maji na kubaki na utamu wake kitakaa mpaka miezi ya njaa. Kampanula hufanya karibu hivyo kwa seli zake, isipokuwa zenyewe zinabaki hai.

Kujiandaa huko hakufanyiki kwa usiku mmoja. Huchukua wiki kadhaa, na ishara ya kuanza hutoka hasa angani, katika urefu wa mchana, kwa sababu hali ya hewa hudanganya lakini jua halidanganyi. Kampanula ile ile itakayovumilia baridi kali ya Januari inaweza kuuawa na baridi ndogo tu ikiangushiwa Julai, ikiwa imejaa maji na majani mabichi. Uvumilivu wa baridi huja na kuondoka kila mwaka, na mmea usio na muda wa kujiandaa hauna uvumilivu wowote hata kibandiko chake kikisema kanda ya 3.

Hapa ndipo Somanda inapokuwa mahali pagumu kwa ua hili, kwa sababu isiyofikiriwa upesi. Bariadi iko chini ya nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki nusu saa. Campanula carpatica husubiri mchana wa saa 14 au zaidi ndipo ichanue, na mchana huo haupo hapa tangu dunia iumbwe. Campanula persicifolia inadai kitu kingine: lazima kwanza ipitie wiki nyingi za baridi, ndipo ipate ruhusa ya kutoa ubua wa maua. Ukiletewa mbegu zake ukazipanda kitaluni, ukazimwagilia kwa uangalifu wote, utapata majani tu.

Jambo hilo si geni Tanzania. Pareto ina asili ya Dalmatia, pwani ya Kroatia, ambako pia kuna kampanula za miambani, na inalimwa kwa mafanikio katika nyanda za juu za Mbeya, Njombe na Iringa. Huko juu usiku ni baridi kiasi cha kuamsha machipukizi ya maua. Ishushe tambarare yenye joto, majani yatanawiri na maua yatakuwa haba. Mkulima wa pareto anauza ua, hauzi jani. Kwa hiyo baridi ya Kusini ni sehemu ya mtaji wake sawasawa na mbolea.

Je, ukoo wa kampanula hauna mtu wake katika Afrika Mashariki? Unao, na ni watu wakubwa. Wa kwanza ni Canarina eminii, mmea utambaao wa misitu ya milimani, unaoonekana Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo na kwingineko katika ukanda huu, wenye kengele za rangi ya chungwa zinazoning'inia. Jina lake la pili linamkumbuka Emin Pasha, aliyeuawa Kongo mwaka 1892. Jenasi hii ina spishi tatu tu: mbili ziko upande wetu, na ya tatu iko katika Visiwa vya Canary, ng'ambo nzima ya bara. Ndugu huyo wa Canary huchanua majira ya baridi na mvua. Kiangazi kikiingia anajirudisha kwenye kiazi chake na kulala. Huyu ni mtu wa ukoo wa kampanula aliyechukua mbinu ile ile ya kujificha ardhini na kuitumia dhidi ya jua badala ya theluji.

Lakini wanaonivuta kuliko wote ni lobelia wakubwa wa milimani, ambao wataalamu wa mimea huwaweka katika familia moja na kampanula. Ukipanda Kilimanjaro, ukaupita msitu, ukavipita vichaka vya erika, kwenye urefu wa mita 3,700 na kuendelea utaikuta Lobelia deckenii. Chini ni kichaka cha majani yaliyopangwa duara kama waridi moja kubwa. Ikifika wakati wake, katikati huchomoza mnara wa maua mrefu kumzidi mtu. Imepewa jina la Karl Klaus von der Decken, Mjerumani aliyejaribu mlima huo mwaka 1861 na tena 1862 bila kufika kileleni, ingawa Wachaga walikuwa wakiishi chini ya mlima huo muda mrefu kabla yake.

Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea wa Sweden aliyechapisha mwaka 1964 utafiti wake mkubwa wa maisha ya mimea ya vilele vya Afrika Mashariki, alieleza hali ya huko kwa ufupi unaofaa: kila mchana ni kiangazi, kila usiku ni majira ya baridi. Tafakari maana yake kwa mmea. Kampanula ya Karpati hupewa miezi ya kujiandaa, ikalala, ikaamka. Lobelia haina wiki za kushusha wanga, haina Novemba wala Machi. Saa sita mchana majani yake yanafanya kazi chini ya jua kali la ikweta, na kabla ya alfajiri yameganda. Kesho ni hivyo tena. Haiwezi kulala, kwa hiyo imebidi ijengwe namna nyingine.

Namna hiyo ni ya ajabu. Jioni majani ya juu hujikunja kuelekea ndani, yakafunika jicho la ukuaji lililo katikati. Katika makwapa ya majani hayo kuna maji. Usiku tabaka la juu la maji hayo huganda, lakini yaliyo chini hubaki majimaji, na jicho lililozama humo halishuki chini ya sifuri kwa urahisi. Barafu yenyewe ndiyo blanketi. Erwin Beck wa Ujerumani na wenzake, walioichunguza mimea hii katika Mlima Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, walionyesha kwamba majani ya nje huganda kweli kweli, barafu ikijijenga nje ya seli, kisha huyeyuka asubuhi bila madhara. Mimea mirefu ya milima ya Andes inayofanana na hii kwa umbo hufanya kinyume: hujitahidi isigande kabisa. Ya kwetu inakubali kuganda, na imejifunza kuganda salama.

Nduguye wa Mlima Kenya, Lobelia telekii, amekwenda mbali zaidi. Mnara wake wa maua una uwazi ndani, na katika uwazi huo mna maji. Mwaka 1979 watafiti kutoka Norway walieleza katika jarida la Nature kwamba maji hayo yana kitu kinachoyafanya yaanze kuganda mapema, mara tu baada ya kufika sifuri. Hilo linaonekana kama kasoro hadi ukumbuke kanuni moja ya fizikia: maji yanapoganda hutoa joto. Gramu moja ya maji ikigeuka barafu hutoa joto la kutosha kuipasha gramu nyingine ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Kwa hiyo maji ya mnara yakianza kuganda polepole tangu mapema, hutoa joto usiku mzima, na mnara hubaki karibu na sifuri wakati hewa ya nje imeshuka zaidi. Kabla hayajaganda yote, kunakucha.

Hata hivyo saa ya hatari kwa mimea ya huko siyo ile ya usiku wa manane. Ni asubuhi. Jua linachomoza kwa ghafla, majani yanapata joto na kuanza kupoteza maji, huku udongo na mashina bado vimeganda na havitoi tone. Majani yanakauka yakiwa juu ya bohari lililofungwa. Ndiyo maana mti mwingine wa pale juu, dendrosenesio wa Kilimanjaro, ambaye hana udugu na kampanula kwani ni wa familia ya alizeti, hawezi kuyaacha majani yake yaliyokufa yaanguke. Huyavaa kuzunguka shina, tabaka juu ya tabaka, ili maji yaliyohifadhiwa katika kiini cha shina yasigande, na asubuhi majani mabichi yapate cha kunywa. Mpandaji anayeyabandua majani hayo makavu akidhani anausafisha mti, anauvua nguo ambayo usiku huo huo utaihitaji.

Turudi Bariadi, ambako mmea wa kudumu ulio muhimu kuliko yote ni ule usioitwa hivyo. Pamba kwa asili yake ni kichaka kinachoishi miaka mingi. Iache shambani baada ya kuvuna na itachipua tena mvua zikirudi, kwa sababu mizizi yake imekwenda chini na shina lina akiba. Huko kaskazini mwa Texas sakitu huiua pamba kila mwaka na kulimaliza shauri. Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa zao hili, haina sakitu, kwa hiyo sheria inamtaka mkulima aing'oe miche na kuichoma kabla ya msimu mpya, ili wadudu na magonjwa wasipate pa kuishi kiangazi. Kazi inayofanywa bure na usiku mmoja wa baridi kule Marekani, hapa inafanywa kwa mgongo na jembe. Wakulima hulalamikia kazi hiyo, nami nawaelewa, lakini wanaoiacha wanawaachia majirani zao wadudu.

Tukirudi kwa kampanula, nimesema huhitaji wiki za kujiandaa. Lipo kosa moja ambalo wenye bustani wa kaskazini huonywa kila mara wasilifanye: kukata majani mapema ili bustani iwe safi. Jani linaloonekana kuchoka mwezi wa Septemba bado linapeleka chakula chini, kwenye shingo ya mizizi ambamo macho ya mwaka ujao yamekaa. Likikatwa kabla ya wakati, mmea huingia kwenye baridi bila sukari ya kutosha. Kosa la pili ni maji. Kampanula nyingi zinazokufa majira ya baridi hazifi kwa baridi. Shingo zao huoza katika udongo mzito usiopitisha maji, na mwenye bustani huilaumu theluji. Theluji ingemsaidia. Ikiwa nene, udongo ulio chini yake hubaki karibu na sifuri hata hewa ikiwa nyuzi 20 chini.

Kosa la kukata mapema Wasukuma walikwisha kulitungia utaratibu zamani. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii wakati nyasi ni changa na tamu, wakati ambapo kila mchungaji angependa kuingia. Nyasi za kudumu hupewa miezi ya kujenga majani, kuchanua na kushusha akiba mizizini. Hufunguliwa kiangazi kikiwa kimekolea, Julai au Agosti, pale ambapo jani limekwisha kufanya kazi yake na kuliwa kwake hakuuumizi mzizi. Watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 ngitili nyingi zilipotea. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulizirudisha kwa kuwategemea wenyeji wenyewe: kutoka takriban hekta 600 zilizokuwa zinajulikana wakati huo hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikiwamo za Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo zilikuwa bado chini ya Shinyanga kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Katika ngitili inayotunzwa vizuri mifugo haiachiwi eneo lote kwa siku moja. Hula kipande kimoja mpaka kiishe ndipo ihamie kingine, na cha mwisho huachwa hadi mwisho wa kiangazi, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai watakaolima mvua zikirudi.